Nyumba Tuliyochora Mchangani

Mujukuu wangu Furaha,

Salamu nyingi kutoka Nyamianda. Sisi wote tuko wazima, na dada yako amejifungua mutoto muanamuke.

Barua yako nimeisoma mara mbili na bado sijaelewa vizuri. Unasema mwalimu anawavalisha miwani ya kompyuta, weye uko Kinshasa na mwenzako yuko Goma, lakini munaingia pamoja ndani ya shule isiyokuwako, muichore. Halafu mwenzako akaondoa ukuta wako, na sasa unataka kuacha masomo ya kuchora majengo. Unaniuliza: kazi ya wawili inakuwa ya nani?

Minye sijui. Nilipokuwa bibi-arusi, babu yako alichora nyumba yetu kwa fimbo kwenye mchanga wa ziwa, kwa ukubwa wake kamili, ili mimi na mama mukwe tuitembee kwanza. Nikaweka mlango wa jikoni upande wa ziwa. Mama mukwe akaufuta kwa mguu.

"Upepo utazima moto," akasema.

"Mama, hii iko nyumba yangu."

"Basi pika, nione."

Nikachutama mbele ya moto usiokuwako. Naye akapita kama aliyebeba maji, tukagongana, tukaanguka tukicheka. Kisha tukachora mlango kwenye pembe, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyepataka mwanzoni.

Ongea kwanza na mwenzako. Mama mukwe alishafariki, na mpaka leo nikifungua mlango ule asubuhi ninasema asante, bila kujua ninamwambia nani.

Tate wako, mama ya mama yako