Salamu Niliyokunyima

Dada Zuhura,

Tangu tukuzike sijakanyaga ukumbini. Wenzangu wanapita hapa kwenye cherehani yangu kuuliza yoga itaendelea lini, nami nawaambia nimebanwa na sare za shule. Uongo mtupu.

Unakumbuka siku ya kwanza? Wewe mtu wa Tanga, baridi ya Kasulu imekutesa, ukafunga madirisha yote, ukapanga masufuria ya maji yaliyochemka pembeni, ukatuamuru tunyooshe migongo. Mama Edina akanung'unika, "Huyu anatufukiza kama wenye mafua." Tulicheka mpaka na wewe ukacheka. Lakini migongo yetu ya jembe na cherehani ilipata nafuu.

Kilichokushinda ni salamu zetu. Akiingia mtu, sisi Waha tunaacha kila kitu: tunainama, tunapiga makofi, "Mwidiwe," kisha tunaulizana habari za nyumbani mpaka za mbuzi. Ukasema humo ndani, hata aje mkuu wa wilaya, hakuna kusalimia. "Joto likikuuma, kaa nalo. Usitafute sababu ya kutoka." Najua ulikuwa unanisema mimi. Kwa kila mgeni aliyepiga hodi nilimshukuru Mungu.

Ulipougua ukaniachia niwaongoze. Siku ile nimesimama kwa mguu mmoja, jasho linaniingia machoni, paja linawaka moto, ukatokea. Wenzangu walikuwa wamekupa mgongo. Mimi peke yangu nilitazamana na mlango. Umejitanda khanga, umeshika mwimo wa mlango. Nikasema moyoni, leo ataona mwanafunzi wake amekomaa. Sikutikisika wala sikukusalimia. Niliposhusha mguu, ulikuwa umeshaondoka.

Nilipanga kuja kwako jioni. Mvua ikanyesha, nikasema kesho. Asubuhi tukaitwa msibani.

Hapo msibani dada yako Mwanaidi, aliyekuwa akikuuguza, alinisimulia bila nia mbaya. Kwamba ulirudi ukajilaza, ukageukia ukuta, ukamwambia, "Wameshazoea bila mimi. Hakuna hata aliyeniona." Nami nikaendelea kukoroga chai ya waombolezaji. Joto lako nililiweza, dada. Neno hilo limenishinda. Nikishona linanijia, nikila linanijia, na nikiona aibu nakimbilia kazi nyingine.

Mwanaidi anafunga mizigo, kesho anarudi Tanga. Nikimaliza kuandika naenda kwake, nitakaa mbele yake nimweleze yote, na akinikasirikia sitaondoka mpaka amalize. Wiki ijayo nitafungua ukumbi na kuchemsha maji. Mgeni akija tutamsalimia, na mguu utasubiri. Hapo utanisamehe, nimekubishia.

Lala, dada yangu. Ila kabla Mwanaidi hajasikia, nataka usikie wewe: nilikuona. Nilikuona tangu ulipokanyaga kizingiti, na mguu ule nilikuwa nimeusimamisha kwa ajili yako.

Mdogo wako,
Yustina