Jina la Zuhura kwenye Ubeti wa Mwisho

Jumatatu, 3 Juni 1957

Chai. Dawa ya kikohozi. Somo. Rukia alikaa mkekani saa mbili kamili na daftari lake la chuoni. Ni mtoto wa binti yangu, anasoma chuo kikuu huko Uganda. Likizo hii ametakiwa kuandika insha juu ya mshairi wa mji wake, na kutunga shairi lake mwenyewe. Insha ameamua iwe juu yangu. Nilijifanya sijali.

Nilimweleza tena mambo ya msingi. Kila mstari una silabi kumi na sita, nane huku na nane huku. Ndizo tunazoziita mizani. Ubeti wa mwisho mtunzi hutaja jina lake na kwao. Huo ndio muhuri wake. Nimefundisha shule miaka thelathini na moja, siwezi kueleza kitu mara moja tu.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo wajukuu wanavyotutania, "nilielewa tangu juzi."

Alhamisi, 6 Juni

Shairi lake limekwisha. Beti saba. Nililisoma mara nne nikitafuta kosa. Sikuliona.

Tukalipeleka Msimbazi kwa Bwana Seif, mwenye duka la vitambaa, mwenyekiti wa chama chetu cha washairi. Jumamosi ya wiki ijayo tuna mkutano katika ukumbi karibu na Mnazi Mmoja. Nataka Rukia alisome pale.

Bwana Seif alilisoma amesimama, kipimo cha yadi kwapani. "Mashallah. Lakini hili jina, Mwalimu. Mtoto wa kike atajwe mbele ya wanaume ukumbi mzima? Aandike 'mtunzi wa Dar es Salaam', inatosha. Nitamsomea mimi."

"Wanawake wa lelemama wanatajana barabarani mchana kweupe. Mbona huzibi masikio?"

"Ile ngoma, Mwalimu. Hii elimu."

Nikamwambia Rukia atasoma mwenyewe, na jina lake atalitaja. Wasipotaka, watafute mzee mwingine wa kufungua mkutano. Nikatoka bila kuaga. Barabara nzima nilitembea kama kijana.

Jumapili, 9 Juni

Nimechukia. Kwanza nilimchukia Rukia, sasa najichukia mwenyewe.

Rukia aliomba madaftari yangu ya zamani kwa ajili ya insha. Nikampa funguo za sanduku bila kufikiri. Chuoni wamefundishwa kusoma hati kuukuu, kuinua karatasi kwenye mwanga na kutazama nyuma yake. Akaja uani nikinyoa ndevu.

"Babu, hapa pamekwanguliwa kwa wembe."

Lilikuwa Shairi la Bomba. Ndilo lililonipa jina. Linasimulia wanawake waliokataa kuondoka kwenye foleni ya maji walipofungiwa bomba la mtaa. Chama kilinivisha joho kwa ajili yake, na mpaka leo watu wa Kariakoo na wa mtaa wetu wa Gerezani wanaliimba kwa moyo. Ubeti wa mwisho unaanza hivi:

Kalamu naweka chini, jina langu nalitaja,
Saidi wa Gerezani, simuogopi mmoja.

"Chini ya Saidi kuna jina jingine," akasema. "Na huu mwandiko si wako. Ni wa bibi."

Nikamwambia arudishe funguo. Akazirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Sawa, Mwalimu." Si babu. Si mume wangu.

Jumatano, 12 Juni

Siku tatu hakuna somo. Rukia anapika, anafagia, ananiamkia shikamoo, basi. Insha ameiacha. Anasema hawezi kuandika uongo na hawezi kuandika ukweli bila ruhusa yangu.

Niuandike hapa kwanza, nione kama mkono utakubali.

Zuhura, mke wangu, ndiye aliyelitunga. Yeye ndiye aliyesimama kwenye foleni ile, ndoo kichwani, mimba ya miezi saba. Wanawake hawakuingia chamani, kwa hiyo nilikwenda kumsomea. Watu walipiga makofi wakanishika mkono mimi. Sikuwasahihisha. Kesho yake wakataka nakala. Zuhura, mizani tatu. Saidi, mizani tatu. Jina langu liliingia palepale pa jina lake, na mstari haukutikisika. Kazi ya dakika mbili na wembe.

Alipoliona alisema, "Limekukaa vizuri, mume wangu." Hakutunga tena. Au alitunga akanificha. Ana miaka minne kaburini, sitajua.

Halafu mimi ndiye niliyemfokea Bwana Seif juu ya majina.

Jumamosi, 15 Juni

Nilivaa joho. Sikumwambia mtu, hata Rukia. Nilimwambia tu avae vizuri, twende.

Ukumbi ulijaa. Wakaniomba nifungue kama kawaida, nikaanza Shairi la Bomba. Ukumbi wote ukaimba nami, kila ubeti. Tukafika mwisho. Wao wakasema Saidi. Mimi nikasema Zuhura. Yakagongana hewani.



Nikarudia peke yangu, polepole, kama darasani:

Zuhura wa Gerezani, simuogopi mmoja.

"Shairi hili ni la marehemu mke wangu," nikasema. "Mimi nililisoma tu, kisha nikaliiba."

Bwana Seif akanishika mkono. "Mwalimu, kaa chini. Unajiaibisha."

"Nilijiaibisha zamani. Leo naacha."

Nyuma huko mzee mmoja muuza nazi akapiga kelele: "Mimi nilisema! Mwanamume gani anayajua matusi ya foleni ya maji?" Wakacheka. Nami nikacheka.

Nikavua joho, nikaliweka kwenye kiti cha Bwana Seif. Nikamwita Rukia mbele. Waliotaka kutoka walitoka, karibu nusu. Wacha watoke. Alisoma beti zote saba, sauti ikitetemeka mbili za kwanza tu, na mwisho akataja jina lake na la mtaa wake. Bwana Seif hakutoka. Alitazama sakafu, lakini alibaki.

Chama kitanifuta. Na kinifute. Nikiulizwa kesho nitajibu hivihivi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemsindikiza Rukia stesheni. Treni mpaka Mwanza, kisha meli. Insha imo kwenye begi, kurasa kumi na mbili, juu ya Zuhura wa Gerezani. Nimetia sahihi chini kwamba ni kweli.

"Kula vizuri, mume wangu," alisema dirishani.

Nyumbani kimya. Nimekunywa chai. Nimelifungua daftari la zamani, nikakata jina langu kwa mstari mmoja, nikaandika Zuhura juu yake. Karatasi pale ni nyembamba kwa ule wembe, wino umetawanyika kidogo.

Linasomeka.