Shanga za Maji au za Maziwa kwa Harusi ya Getrude

Dada Aneth mshauri wetu, shikamoo. Naandika harakaharaka kabla mtoto hajaamka, naomba unisome mpaka mwisho hata kama maneno yangu hayajapangika, maana ni miezi saba sijalala vizuri, na sasa nimejiongezea la kunikosesha usingizi kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nakaa Mpanda, natunga shanga, hereni na mikufu, na watu wananiagiza. Wifi yangu Getrude, mdogo wake mume wangu Hilari, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, akaniomba nimtungie mkufu wa buluu kama ule aliokuwa anavaa marehemu mama yao kule Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika. Mama mkwe sikumkuta, alifariki kabla sijaolewa, na mkufu wenyewe walimzika nao. Kilichobaki ni picha moja ya ukutani ambayo jua limeipiga mpaka buluu imekuwa kama majivu. Hilari anasema mama yake hakuuvua hata akisugua sufuria kwa mchanga pale ziwani, zaidi ya hapo hakumbuki kitu. Nikimbana ananiambia, "Mama Providence, shanga ni shanga, tunga tupumzike."

Lakini dada, shanga si shanga. Nimepata za aina mbili, zote kioo, ukubwa mmoja, buluu ile ile, ukizimwaga kwenye sahani ndani ya nyumba unaweza kuapa zimetoka mfuko mmoja. Ukizipeleka dirishani ndiyo zinaachana. Za kwanza mwanga unapita, mimi naziita za maji, nikimninginizia mtoto utungo wa hizo juu ya tumbo panatokea vidoa vya buluu vinatembea kwenye ngozi, naye anavishika havishikiki, anacheka, na mimi naangalia tu mpaka uji unaungua, naona kama nimeingia ndani ya ziwa na hakuna anayeniita. Za pili mwanga haupiti, zina ukungu, naziita za maziwa, hizo zinakaa kimya, ukizishika muda mrefu zinapata joto la mkono, nazo nazipenda kama mtu anavyopenda asubuhi ya mawingu ambayo hakuna wa kumharakisha. Mchana mtoto akilala napaka uzi nta ya nyuki ya Ugalla, naingiza moja ya maji, naitoa, naingiza ya maziwa, naitoa, saa nzima imepita.

Sasa kilichonipata ni hiki. Rozalia, dada yao mkubwa, yuko Ikola, na ndiye atakayesimama mahali pa mama siku ya harusi. Alinipigia akasema, "Wifi, mkufu wa mama ulikuwa unapitisha mwanga kama maji. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia kila Jumapili tukienda kanisani. Huyo Getrude usimsikilize, alikuwa bado anajikojolea." Nikasema sawa wifi, ndizo ninazotunga. Kesho yake Getrude akapita nimpime shingo, akachota za maziwa akazifumbata kiganjani, machozi yakamtoka, akasema, "Hizi. Rozalia aliolewa mimi niko darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyelala na mama miaka yote ile, nilikuwa nazipapasa moja moja mpaka nasinzia." Nikamwambia polepole kwamba Rozalia anakumbuka tofauti kidogo. Akanijibu, "Rozalia anakumbuka kila kitu isipokuwa kuja kumuuguza." Niliogopa dada, nikasema sawa wifi, ndizo hizo hizo.

Kwa hiyo nimewaambia wote ndiyo. Na Rozalia ameshamwambia Hilari kwamba akikuta shanga nyingine shingoni kwa Getrude atajua tumemfanya mwongo juu ya mama yake mzazi, atarudi Ikola kabla ya misa. Anafika Alhamisi. Nina mikufu miwili, yote nusu. Nimefikiria hata kuchanganya, moja ya maji, moja ya maziwa. Niambie nitunge ipi.

Mama Providence, Mpanda

*Aneth anajibu:*

Mama Providence, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, na pale kwenye vidoa vya buluu nilirudia mara mbili. Mtu aliyechoka hivyo na bado anaona vile, hajaharibikiwa.

Ila umeharibu. Ndugu wawili walikuwa na ugomvi mmoja, wewe ukawaongezea wa pili kwa hizo "sawa wifi" zako. Ulidhani unatuliza mambo. Ulikuwa unayasogeza mbele, ukayasogeza mpaka yakaangukia siku ya harusi ya mtu. Na acha kuutafuta mkufu wa marehemu. Hukuuona. Najua unatamani kumpendeza mkwe ambaye hukupata hata siku moja ya kumpikia, lakini hakuna anayekudai hilo.

Sasa sikiliza. Nina rozari ya kioo niliyopewa siku ya kipaimara. Ilikuwa inang'aa, ukiipeleka juani unaona uzi ndani yake. Miaka ishirini na sita ya vidole, jasho na sabuni, leo ina ukungu kama jicho la mzee. Hakuna aliyeibadilisha. Na wewe umeandika mwenyewe kwamba mama yule alikuwa na mkufu shingoni hata kwenye mchanga na maji ya ziwa. Huenda Rozalia aliuona mpya, bado wa kuvaliwa Jumapili tu, Getrude akaushika umeshachakaa. Siapi, sikuwepo Ikola. Lakini inawezekana kabisa hapo hakuna mwongo hata mmoja, isipokuwa wewe.

Mpigie Rozalia leo, si Alhamisi. Sema, "Wifi, nilikudanganya, na Getrude nilimdanganya pia." Usiseme ulichanganyikiwa, usimtaje mtoto. Atafoka. Mwache afoke, na ole wako uitikie tena sawa wifi. Akimaliza mweleze kioo kinavyochakaa, umwombe akija amsimulie mdogo wake mama alivyokuwa kijana, maana mama wa wakati huo Getrude hakumjua. Kisha mwite Getrude, maneno hayo hayo. Lile neno la kuuguza si mzigo wako. Usilifikishe kwa Rozalia, na usimsaidie Getrude kulipamba. Amwambie dada yake mwenyewe, harusi ikishapita.

Kuchanganya, hapana. Huo utakuwa mkufu wa woga, hakuna mama wa mtu aliyeuvaa. Tunga za maziwa, kwa sababu shingo ni ya Getrude. Za maji fupisha, ziwe bangili ya Rozalia, umpe baada ya kusema kweli, si kabla, ili isije ikanuka rushwa. Akikataa bangili, ihifadhi. Akirudi Ikola kweli, misa iendelee, na Hilari amfuate Jumapili. Hiyo kazi ni ya kaka yao, mwambie nimesema mimi.

Getrude naye atazaa, Mungu akipenda. Siku moja watoto wake watabishana kama mkufu wa mama yao ulikuwa mzito au mwepesi, wa kung'aa au wa ukungu, hawatakubaliana, na wote watakuwa wamepakatwa na mama yule yule.