Usimalize Kiota

Mama,

Kuna mtu alikuwa akiiba mayai yako, na mimi nilimjua. Au nilidhani namjua.

Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike. Kuku wako wanne na jogoo wao bado wako nyuma ya nyumba hapa Missouri City, ndani ya kile kibanda ulichokigongagonga mwenyewe kwa mbao za kitanda kibovu. Nilikuambia huku Texas watu hununua mayai dukani. Ukaendelea kugonga misumari. Kuku ndio walionisomesha unesi, sikuwa na haki ya kusema vile.

Basi kila nikirudi kutoka hospitali nakuta yai moja. Kuku wanne, yai moja. Nikasema ni nyoka. Lakini nyoka hafungi mlango kwa waya, tena auzungushe mara tatu kama ulivyokuwa ukifanya. Na nyoka habakishi. "Usimalize kiota, kuku atahama," ulikuwa ukiniambia nikiwa mdogo, huku ukinipiga kofi mkononi nikigusa lile la mwisho. Mwizi huyu alikuwa na adabu zako. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikamshuku Mama Furaha, yule Mkongomani wa nyumba ya pili, rafiki yako wa kanisani. Wakati wa matanga alituletea sombe, kisamvu cha kwao, sufuria nzima, lakini macho yake yalikuwa dirishani, kwa kuku. Nililiona hilo hata nikilia. Kanisani nikaanza kukaa upande mwingine. Nikanyunyiza unga mbele ya kibanda, na jioni nikakuta alama za kandambili. Nani mwingine hutembea kwa kandambili mtaa huu, ambako watu huenda kwa gari hata kwa jirani? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na kusema kweli nilifurahi kidogo kupata mtu wa kumkasirikia.

Jumatano sikuwa kazini. Nililiacha gari barabara ya nyuma, nikakaa jikoni kimya. Saa nne akaja, akafungua waya. Mkononi alikuwa na kiondo chako, kile kikapu cha kuokotea mayai. Kiondo nilichokitafuta kabatini, uvunguni, kwenye masanduku yote, nikakililia. Nilitoka nje. Niliyomwambia sitayaandika hapa.

Alinishika mkono akanipeleka kwake, gerejini. Kuku wake mweupe alikuwa ndani ya katoni amelalia mayai, na pembeni vifaranga tisa, wawili shingo tupu kama yule tetea wako.

"Mama yako aliniambiaka, mutoto wangu ataachana na kuku," akasema. "Ukamate mayai polepole, asijue, uyalalishe, mbegu isipotee."

Kiondo ulimpa mwenyewe, wiki ile ya mwisho.

Nilikukasirikia, Mama. Mimi uliyenizaa unanishuku, jirani unamwamini. Lakini ulinijua. Siku ya tatu baada ya mazishi nilimpigia simu mtu mmoja wa shamba aje awabebe kuku wote. Alikuwa aje Jumamosi hii.

Nimempigia tena, nimemwambia asije. Mama Furaha nimemwomba msamaha. Alicheka, akaniuliza kama najua kufunga ule waya.

Pumzika sasa. Leo nimeokota mayai mawili mwenyewe, moja nimeliacha. Kesho pia nitaliacha.

Mwanao,
Nduku