Niliyomwambia Mtamba

Shoga, uko hapo? Leo nimeumbuka, na nilijua kazi imeota mbawa.

Yule ng'ombe mtamba anayechechemea, nilikuwa nimemshika mguu namsafisha kwato. Tope limejaa katikati, linanuka. Nikajua tuko wawili tu. Nikamwambia, "Pole mwanangu. Bosi anakulisha bondeni kwa sababu majani ni mabichi. Yeye ana viatu vya mpira, wewe unalowa miguu mchana kutwa. Siku akivivua ndipo atakapojua."

Kumbe bosi yuko nyuma yangu! Na ndoo mkononi!

"Kila jioni nakuuliza wanaendeleaje, unaniambia wazima. Kumbe ukweli unampa ng'ombe?"

Mguu bado nimeushika kama mwizi wa kuku. Mimi, nisiyeweza hata kumsalimia muuza duka!

Akainama, akanusa zile kwato, akakunja uso. "Kesho wapeleke wote malisho ya juu, kule kukavu. Na kila jioni nataka habari za miguu yao."

Nikasema, "Bosi, kuongea na watu siwezi."

"Basi mwambie ng'ombe. Mimi nitasimama nyuma."

Shoga, hakucheka hata kidogo.