Kistari Mwisho wa Mstari

Jumatatu, 3 Machi 1952

Napanga herufi tangu saa mbili. Safu za gazeti la misheni nyembamba mno, karibu kila mstari wa Kiingereza unataka neno likatwe kwa kistari. Mimi nakata kama Kiswahili chetu, silabi iishie kwenye irabu: mi-ssion, di-strict. Padri kachora penseli nyekundu mara kumi na moja. Na kurasa zetu hutundikwa kwenye waya katikati ya kiwanda, jina la mpangaji chini. Kila anayepita anaona. Ukurasa wa Owori hauna alama hata moja. Owori! Ana miezi minne tu hapa Tororo. Mimi miaka sita.

Jumatano, 5 Machi

Padri ametangaza. Mmoja wetu, mimi au Owori, ataenda Kampala kusomea uchapaji. Akirudi ndiye msimamizi. Mtihani ni ukurasa wa Ijumaa. Wivu umenijaa. Huyu wa juzi aje kuniambia, "Wandera, fagia"? Thubutu!

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe ana daftari. Kila neno lililosahihishwa na Padri kaliandika likiwa limekatwa inavyotakiwa: mis-sion, dis-trict. Kurasa na kurasa. Wala hakunificha. Kanionyesha mwenyewe, anacheka: "Kaka, Waingereza hawakati kama sisi. Chukua unakili." Nikamwambia sina haja. Kiburi changu, jamani.

Jioni alikwenda kunawa wino. Aproni yake ukutani, daftari mfukoni. Nimelichukua.

Ijumaa, 7 Machi

Owori amelitafuta kila mahali, hadi chini ya mashine. Akaniuliza. Sijaliona, nikasema. Uongo ulitoka laini, hata mimi nilishangaa. Maneno mengine aliyakumbuka, mengine akabahatisha. Mimi safari za chooni haziishi, daftari ndani ya shati.

Penseli nyekundu: Owori tisa, mimi hakuna. Nilisimama chini ya waya nikisoma jina langu. Humu kwenye shajara sidanganyi. Nilifurahi sana.

Jumamosi, 8 Machi

Ni mimi. Padri amenipa mkono mbele ya wote. Owori amepiga makofi kuliko wote. Nilitaka anune. Angenuna ningepata nafuu. Nimekwenda nyumbani, kijijini Masaba, mke wangu akachinja kuku, majirani wakajaa uani. Sikula.

Jumatano, 12 Machi

Mara mbili leo nimeshika daftari nikamrudishie. Mara mbili nikaona wapangaji wote wamemzunguka, wanacheka naye. Mimi ndiye mshindi, mbona hakuna aliyekuja kwangu? Nimelirudisha ndani ya shati.

Jumatatu, 17 Machi. Ndani ya gari moshi

Owori amenisindikiza stesheni. Kalibeba sanduku langu kichwani, nilivyokataa hakusikia. Daftari lake lilikuwa humo, chini ya mashati. Njia nzima ananipa habari za Kampala alizosikia kwa shemeji yake, wapi chakula kizuri, wapi wezi.

Kabla ya filimbi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kaka, daftari langu ndiyo basi tena. Huko ukijifunza maneno, uniandikie kwenye barua. Nitaanza upya."

Nimesema nitaandika.

Akaondoka anapiga mluzi. Nimemtazama dirishani hadi alipopotea kwenye watu. Kila alichokitaka ninacho mimi, na bado namwonea wivu.