Kisima Chako Walikifukia kwa Mawe

Shangazi Nyamizi,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, nilikuwepo ulipovuta pumzi ya mwisho, kwa hiyo nianze na ya kwetu. Sisi wazima. Mume wangu anakohoa kama kawaida yake wakati wa baridi, mtoto ameota meno mawili, na mimi nina hasira ambayo imenikaa kifuani wiki ya tatu sasa. Nimejaribu kuisema kwa watu, wananiambia nitulie. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Wageni wamerudi.

Si wale wale. Wale wa kwanza, vijana kumi na wawili waliokaa wiki sita na kutuachia pampu, walikwenda kwao na hatujawaona tena. Hawa ni wengine, ila wametumwa na shirika lile lile la kujitolea la huko Ulaya. Walishuka kwenye treni pale Igalula na mabegi ya mgongoni, wakaletwa kwa trekta la kijiji, na walipofika wakatusalimu kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", kwa pamoja, halafu wakacheka, kama wenzao walivyocheka. Watoto wa shule wakaimba. Mwenyekiti wetu wa kijiji, ambaye asubuhi hiyo hiyo alituhutubia juu ya kujitegemea mpaka jua likapanda, akawashukuru kwa kuja kutujengea darasa.

Nikaitwa kutafsiri, maana mwalimu wa Kiingereza bado ni mimi.

Kabla sijakueleza yaliyotokea, kuna jambo la mwaka jana ambalo hulijui. Nimelibeba tangu tukuzike, na sasa nalitua.

Unakumbuka mkutano ule mbele ya ofisi ya kijiji. Kiongozi wao, yule kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu, alisema watachimba kisima kipya cha pampu hapo hapo ofisini, kando ya barabara, na kile cha zamani karibu na shimo lako la udongo kitafukiwa, kwa sababu ni kichafu. Wewe ukasimama. Hakuna mwanamke mwingine aliyesimama. Mikono yako ilikuwa bado na udongo wa mfinyanzi mpaka kwenye viwiko. Ukaniambia:

"Mwanangu, waambie hivi. Mimi nachimba udongo hapa tangu hawajazaliwa. Pale ofisini chini ni mbuga tupu, udongo mweusi wa kunata, maji yake ni ya masika, kiangazi yanakwenda. Wachimbe wakitaka. Lakini kile cha zamani wasikiguse mpaka hicho kipya kipite kiangazi kimoja."

Ulikuwa na haki ya kusema. Wengine walihamishiwa hapa kwa lori, watu walipokusanywa vijijini, lakini wewe hukuhama, kijiji ndicho kilichokufuata nyumbani kwako. Kisimani pale walikunywa babu zetu wapagazi, wakipita na mizigo ya watu kwenda pwani, kabla reli haijafikiriwa.

Mwenyekiti akanitazama. Wageni wakanitazama, nyuso zimewaiva kwa jua, wanatabasamu. Nami nikawaambia kwa Kiingereza changu kizuri kwamba shangazi yangu anashukuru sana, na kwamba kisima cha zamani kimetusaidia miaka mingi.

Wakapiga makofi. Ukadhani wamekubali. Ukaketi umeridhika.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani ukaniuliza, "Wamesemaje?" Nikakujibu, "Wamesema watafikiria."

Hawakufikiria chochote, Shangazi. Hawakukusikia. Wewe ambaye tulipokuwa tunapeleka vyungu vyako sokoni Mtendeni ulikuwa unakigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole, unategea sikio, na kikilia vibaya unakirudisha kikapuni hata kama mnunuzi ameshakipenda. Ulinilea wewe. Na mimi nikawapa watu neno lenye ufa, kwa sababu nilipenda kusifiwa kuwa nazungumza vizuri.

Hata hivyo, sitaibeba hatia hii peke yangu. Yule mwenye ndevu aliniambia mwenyewe, tena kwa kujivuna, kwamba kwao hajawahi kushika sepeto. Alikuwa anasomea habari za Wayunani wa kale. Angetaka kuchimba kisima uani kwa mama yake, wangemuuliza kibali na ujuzi. Hapa alipewa kijiji kizima ajifunzie. Hakumuuliza mwanamke yeyote maji yanakuwaje mwezi wa kumi. Alichimba mwezi wa saba, baada ya masika mazito, akayakuta maji karibu, akaruka kwa furaha. Siku waliyofukia kisima chako walipanga mstari, wakapokezana mawe huku wakiimba, mmoja akipiga picha. Ulikuja ukasimama kando yangu ukauliza mbona wanafukia. Nikakuambia wataalamu wameamua. Mtaalamu hakuwepo hata mmoja.

Mwezi wa tisa pampu ikaanza kutoa hewa. Unajua yaliyofuata, ulitembea kama sisi, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mpaka lambo la ng'ombe ng'ambo ya mashamba ya tumbaku. Nilikuomba nikuchotee. Ulikataa. Ulisema siku utakayochotewa maji ndiyo siku utakayokuwa mzee. Halafu tumbo likakushika. Siku ya tatu tukakupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe tukupeleke stesheni, upate treni ya kwenda hospitali mjini. Ulifia njiani, reli tunaiona. Uliomba maji. Tuliyokuwa nayo ni yale yale ya lambo.

Sasa turudi kwenye mkutano wa safari hii.

Kiongozi wa hawa ni binti mwenye miwani, mpole, sauti ndogo. Baada ya hotuba akatoa karatasi kwenye begi, karatasi nzuri nene ambayo shirika lao huwagawia watu huko kwao. Ina picha yako. Umeshika ndoo ya kwanza pale kwenye pampu, unacheka. Chini yake imeandikwa kwamba wanawake wa kijiji hiki hawatembei tena kutafuta maji. Binti akaniuliza mama huyu anakaa wapi, wamemletea picha yake kama zawadi, wangependa kumsalimia.

Mwenyekiti hajui Kiingereza, lakini picha aliiona. Akainama akaniambia kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Mwambie amesafiri."

Nikasimama kama ulivyosimama wewe. Nikasema, "Amekufa." Nikawaambia kwamba umekufa kwa maji ya lambo la ng'ombe, kwa sababu wenzao walikifukia kisima chako. Nikawaambia kwamba uliwakataza, mbele ya watu wote, na kwamba mimi niliyepewa kazi ya kuwafikishia sikuwafikishia. Halafu nikayasema maneno yako, yote, kuanzia udongo mpaka kiangazi kimoja. Nilipomaliza kwa Kiingereza nikageuka nikayarudia kwa Kiswahili, ili kijiji nacho kijue nimesema nini, na mwaka jana nilisema nini.

Mwenyekiti akaniamuru niketi. Sikuketi.

Unajua kilichonichoma zaidi? Binti yule akalia, na papo hapo watu wakakusahau wewe wakamkimbilia yeye. Akaletewa kigoda. Akaletewa maji ya kunywa, yaliyochemshwa, maji ambayo jirani yetu Mama Kasele aliyafuata lamboni tangu alfajiri, maana mvua za mwaka huu zilikuwa haba na pampu imekauka mapema. Mama Kasele mwenyewe ndiye aliyempa, kwa mikono miwili, akimwambia pole mwanangu. Nikatamani kulipiga teke lile kopo. Sikulipiga.

Alipotulia akaniuliza kama anaweza kuliona kaburi lako na kulipiga picha, ili watu wa kwao waelewe. Nikamwambia hapana kwa Kiingereza, nikasema hapana kwa Kiswahili, na kwa Kinyamwezi nikasema mengine ambayo ungenikemea.

Siku ya pili akanijia shuleni na daftari. Akasema wanasikitika, ila kazi waliyotumwa ni darasa, wana wiki nne tu, hawana ruhusa ya kuibadili. Ataandika ripoti. Nikamuuliza ripoti itasomwa na nani. Akasema hajui.

Sikumngoja atakayeisoma. Kesho yake, baada ya vipindi, nikachukua jembe nikaenda kwenye kisima chako. Nilianza peke yangu. Mama Kasele akaja, akavua kanga ya juu akaanza kutoa mawe. Jioni ile tulikuwa tisa, wanawake watupu. Siku iliyofuata wakaja wageni wawili, msichana na mvulana, kimya kimya, wala hawakubeba kamera. Nikawaweka mwisho wa mstari, wakapokea mawe na kuyatupa pale tulipowaambia. Hao nitawatendea haki, walifanya walichoelekezwa na mikono ikawachubuka.

Ilituchukua siku tano. Siku ya sita asubuhi maji yalikuwa yamepanda, meupe kama uji, na wiki iliyofuata yakatakata. Tumejengea mdomo kwa mawe yale yale na kuzungushia miiba, ng'ombe wasikaribie. Kijiji kizima kinachota.

Watu wanataka nifurahi. Siwezi. Siku tano, Shangazi! Kiangazi kile kilikuwa na siku ngapi? Jembe tulikuwa nalo, mikono tulikuwa nayo, na hakuna askari aliyewekwa kulinda mawe. Tulipita pale pale kila siku na ndoo kichwani tukienda lamboni, tukayatazama, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuokota jiwe. Tuliona kilichofungwa na wageni hatuna ruhusa ya kukifungua. Hilo ndilo linaloniamsha kabla ya jogoo. Wao walikosa kuuliza. Sisi tulikuwa tunajua.

Mwenyekiti ameandika barua kwa Afisa Elimu kwamba nimewatukana wageni wa kijiji. Mwalimu mkuu ananishauri niombe radhi kwa maandishi, nisije nikahamishwa. Karatasi amenipa, na ni hii ninayokuandikia wewe.

Nimesikia kijiji cha ng'ambo ya reli nacho kimeahidiwa pampu, na kisima chao cha zamani kimo kwenye orodha ya kufukiwa. Jumamosi nitakwenda kwa miguu. Nitamtafuta mwanamke wa huko anayeijua ardhi ile, nitaketi naye mpaka amalize kusema, halafu nitasimama naye mkutanoni. Atakachosema nitakitoa kizima, kiwe kichungu namna gani, na atakayetaka kunihamisha anihamishe baada ya hapo.

Sikuombi unisamehe leo. Ungesamehe upesi mno, nakujua.

Kwaheri, Shangazi yangu. Ulale pasipo kiu.

Binti ya kaka yako,
Kalunde